Nilijitoza Faini Mpaka Pesa Zikaisha

Kuna baridi huku Olenguruone, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na anayeandika haya amevaa soksi mbili na kofia ya sufu akiwa ndani ya nyumba. Kwa wasiotujua, tuko juu ya Molo. Ukitoka Nakuru unapitia Njoro, Elburgon, Molo na Keringet, na unapoanza kuona majani chai pande zote za barabara, ujue umekaribia. Kazi ya mshahara ninaifanya kwa intaneti, kwa kampuni iliyo Nairobi, kwa hiyo tangu 2023 nimerudi kuishi nyumbani.

Leo sizungumzii lugha mpya ya programu wala simu mpya. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyojaribu kujilazimisha kumaliza kazi moja kwa kujiadhibu, jinsi jaribio hilo lilivyonishinda, na kilichokuja kufanya kazi baadaye. Ni aibu kidogo, lakini takwimu ninazo, na mtu mwenye takwimu haruhusiwi kuzificha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mama. Mama anachuma majani chai. Kila siku akitoka kwenye kituo cha kupimia majani, huandika kilo zake kwenye daftari la shule, lile la kurasa 48. Mwishoni mwa mwezi anajumlisha kisha analinganisha na malipo. Mwaka 2023, wakati wa mvua, maji yalipenya paa na kulilowesha daftari. Wino ukayeyuka, wiki mbili nzima zikawa doa la buluu. Malipo ya mwezi huo yalipokuja, Mama alisema kilo zimepungua. Inawezekana zilipungua, inawezekana hazikupungua. Hakuwa na la kuonyesha, basi akanyamaza. Nikamwambia, "Mama, mimi nimesomea kompyuta. Nitakutengenezea kitu. Utakuwa unatuma kilo kwa ujumbe wa simu, nayo mashine itakuhifadhia na kukujumlishia." Ilikuwa Juni. Alifurahi sana, akawaambia na majirani.

Ikafika Januari 2024 sijaandika hata mstari mmoja unaofanya kazi. Mama hakuuliza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinunua daftari jingine akalifunga kwa mfuko wa nailoni.

Sasa, msomaji mwenye digrii ya kompyuta atasema programu hiyo ni kazi ya wikendi mbili. Ni kweli! Simu kuukuu ya Android ya kupokea ujumbe, hifadhidata ndogo, hesabu ya kujumlisha, basi. Sikukosa ujuzi. Kila jioni nilipofunga kazi ya mshahara nilikuwa nimechoka kuitazama skrini, nikasema kesho. Nadhani kila mtengenezaji programu ana mradi wa namna hii mahali fulani.

Basi nikaamua kujikaba. Nilikuwa nimesoma kwamba kupoteza shilingi mia kunamuuma mtu kuliko kunavyomfurahisha kupata shilingi mia. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika hayo mwaka 1979. Nilijua pia tovuti ya stickK, iliyoanzishwa na wachumi wa Chuo Kikuu cha Yale, Dean Karlan na Ian Ayres, na kufunguliwa 2008. Pale unaweka ahadi, unaweka na pesa, na ukishindwa pesa zinaweza kwenda kwa kundi unalolichukia. Nikaona wazo ni zuri, nikatengeneza la kwangu la kienyeji.

Nilimpa rafiki yangu, tuliyesoma naye chuo, shilingi 10,000 ashike. Kisha nikaandika skripti fupi kwenye laptopu, na Cron ikawa inaiamsha kila siku saa nne usiku. Skripti inachungulia kwenye Git: je, leo kuna mabadiliko yoyote yaliyohifadhiwa kwenye mradi wa Mama? Yakiwapo, kimya. Yasipokuwapo, inamtumia rafiki yangu ujumbe: "Kula 500." Mimi ni Arsenal, yeye ni Manchester United, na makubaliano yalikuwa kwamba pesa hizo atazitumia kutazamia mechi za timu yake tu. Nilijiona mjanja. Pesa zenyewe zilikuwa za kumsaidia dada yangu mdogo karo ya muhula wa pili, kwa hiyo nilidhani zitaniuma vya kutosha.

Tulianza Februari mosi, 2024. Tazama siku nilizokosa, wiki kwa wiki: 0, 1, 2, 3, 3, 5, 6. Jumla 20. Mara 500 ni 10,000. Wiki ya saba ilipoisha hapakuwa na kitu cha kunitoza.

Ungeishia hapo ungesema alikuwa mvivu tu. Lakini nilipofungua historia ya Git na kutazama zile siku 29 nilizo"fanya kazi", niliona jambo lililonishangaza zaidi. Siku 11 kati ya hizo nilihifadhi mabadiliko kati ya saa tatu na dakika arobaini na saa nne kasoro dakika moja. Mabadiliko gani? Nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Herufi moja kwenye maelezo. Siku moja nilibadilisha neno "jumla" kuwa "Jumla", na kesho yake nikalirudisha kuwa "jumla". Yaani nilikuwa nimekaa usiku, mtu mzima, nikiidanganya skripti niliyoiandika mwenyewe! Siku za kazi halisi zilikuwa 18, na nyingi zilikuwa za wiki mbili za mwanzo, wakati jambo lilipokuwa jipya.

Na kuna kitu ambacho Git haikukionyesha. Nilianza kuiogopa laptopu yangu. Baada ya chakula cha jioni nilijipatia kazi za ajabu: kurekebisha bawaba ya mlango, kwenda kuwatazama ng'ombe ambao walikuwa wameshatazamwa. Nilipokuwa mbali na laptopu sikujisikia mkosaji. Nilipoikaribia, nilijisikia. Basi mwili ukajifunza kwa haraka: kaa mbali. Nilitaka faini inifunze kuandika programu, nayo ikanifunza kumkwepa mtozaji. Shida ni kwamba mtozaji nilikuwa mimi.

Halafu faini yenyewe ilizoeleka. Mara ya kwanza 500 iliniuma mpaka usingizi ukakata. Mara ya kumi nilishaanza kusema moyoni, "Leo nimechoka, wacha nilipe." Kumbe jambo hili limeshachunguzwa. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 habari za vituo 10 vya kulelea watoto huko Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto. Katika vituo 6 ikawekwa faini kwa kila anayechelewa. Wachelewaji hawakupungua, waliongezeka mpaka kama maradufu! Zamani mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu. Sasa alikuwa analipia huduma. Na faini ilipoondolewa, uchelewaji haukurudi chini. Haya ikishauzwa hainunuliki tena. Mimi nilikuwa nimenunua ruhusa ya kumwangusha Mama kwa shilingi 500 kwa siku, na aliyepokea malipo alikuwa shabiki wa Manchester United.

Mbona basi tunaiamini adhabu kiasi hiki? Nimeliwaza sana swali hili, maana mimi ni mtoto wa kiboko. Serikali ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mimi nilianza darasa la kwanza baada ya hapo, na nilichapwa mpaka nikamaliza. Ukipata chini ya alama fulani, unachapwa kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua. Na mwalimu aliamini kwa moyo wote kwamba inasaidia, kwa sababu aliona: mtoto aliyefanya vibaya sana, akachapwa, mtihani uliofuata alipanda.

Kahneman ana kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Aliwahi kuwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel, akawaambia sifa hufundisha kuliko ukali. Mkufunzi mmoja akapinga: nikimsifu rubani aliyefanya vizuri sana, mara inayofuata anaharibu; nikimkaripia aliyeharibu, mara inayofuata anafanya vizuri. Kahneman akaona kosa lilipo. Chukua dadu, uirushe. Ukipata moja, itukane dadu vizuri, kisha irushe tena. Mara tano kati ya sita utapata namba kubwa zaidi. Je, matusi yamesaidia? Siku mbaya kupita kiasi hufuatwa na siku ya kawaida, uadhibu usiadhibu. Kwa hiyo mwenye kiboko kila siku anaona ushahidi kwamba kiboko kinafanya kazi, na mwenye kusifu kila siku anaona ushahidi kwamba sifa zinaharibu. Ndiyo maana hata mimi, wiki ya tano, niliandika kwenye daftari langu: "Faini inasaidia, jana nilikosa, leo nimefanya." Ninalo hapa, nimelisoma nikacheka.

Kwa kuwa niko Olenguruone siwezi kupita bila kutaja jambo moja, maana ardhi ninayoikanyaga imewahi kuona mchezo huu ukichezwa kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilianza kuwaweka hapa Wakikuyu waliokuwa wameondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji, ikawawekea masharti: mlime hivi, mpande hivi, mrithishe shamba kwa mtoto mmoja. Wao walisema ardhi hii ni fidia ya ile waliyonyang'anywa, hivyo ni yao, na mwenye mali hapangiwi namna hiyo. Wakakataa kutia sahihi. Jibu la serikali likawa mashtaka, faini, na mwisho kufukuzwa. Kufikia 1950 walikuwa wametolewa, wengi wakapelekwa Yatta. Profesa Tabitha Kanogo ameyaeleza haya katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau. Vitisho havikuwaleta watu karibu na masharti, viliwaunganisha dhidi yake. Kiapo cha umoja kilichokula wanaume, wanawake na watoto wa Olenguruone kilikuja kusambaa mbali na hapa. Sifananishi mateso yao na uvivu wangu, hata kidogo. Walikuwa na haki, mimi sikuwa nayo. Ninachosema ni kwamba afisa wa wilaya aliyekuwa anaongeza faini kila waliposema hapana angeielewa skripti yangu mara moja.

Basi, Machi 2024, pesa zimeisha na dada yangu nimemwambia uongo kuhusu karo (nililipa baadaye, kwa kuchelewa). Jumamosi moja nikaenda kumsaidia Mama kuchuma. Nilitaka tu kuwa mbali na laptopu. Unachuma majani mawili na chipukizi, unatupa kikapuni nyuma ya mgongo, mikono inaganda kwa umande. Saa saba tukapeleka kituoni, tukapanga foleni, tukapima. Kisha Mama, badala ya kushika njia ya nyumbani, akaingia kwenye kibanda kilicho kando ya kituo, akaagiza chai ya maziwa na andazi moja. Akakaa. Akavua viatu vya mpira. Sijawahi kumwona Mama ametulia hivyo nyumbani.

Nikamuuliza kama hufanya hivi kila siku. Tuliongea kwa Kikipsigis, mimi nafasiri.

"Kila siku niliyochuma," akasema. "Nikiwa sijachuma sipiti hapa."

"Na ukikosa kuchuma, unajifanyia nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama ng'ombe huvaa viatu. "Nijifanyie nini? Si nimekosa chai. Kesho nitakunywa."

"Si kuna bonasi, Mama? Hiyo haikuamshi?"

"Bonasi ni Oktoba, kijana wangu. Saa kumi na mbili asubuhi na baridi hii, Oktoba unaiona wapi?"

Wasomaji wa maeneo ya chai wanajua anachosema. Mkulima mdogo analipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu mwaka wa hesabu ukiisha Juni, viwanda vinapiga hesabu, na kama Oktoba inakuja bonasi. Bonasi ndiyo inayojenga nyumba na kulipa karo, ndiyo inayoleta maandamano ikiwa ndogo, na upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa mara nyingi huwa ndogo kuliko ya Mlima Kenya. Ni zawadi kubwa, lakini iko mbali na haina uhakika. Mama anaihesabu, anaipangia. Kinachomtoa kitandani ni andazi. Tena ameweka sharti lake mwenyewe bila kusoma mwanasaikolojia yeyote: zawadi ndogo, inakuja papo hapo baada ya kazi, na haipatikani kwa njia nyingine yoyote.

Niliporudi niliifuta skripti. Kusema kweli niliihamishia kwenye folda nyingine, programa hafuti kitu. Nikaandika mpya.

Zawadi nilichagua muhtasari wa mechi za mpira. Kama kuna kitu kilikuwa kinakula jioni zangu ni hicho, dakika kumi za magoli, halafu kumi nyingine. Nikajikataza kabisa kutazama isipokuwa baada ya dakika 45 mbele ya mradi wa Mama. Skripti mpya inahesabu dakika, zikitimia inafungua video. Pia naweka shilingi 50 kwenye kopo la kahawa juu ya meza, pesa taslimu, ili nisikie sauti ikidondoka. Pesa za kopo ni marufuku kulipia kitu cha maana: si karo, si stima, si mbolea. Nikikosa siku, hakuna kinachotokea. Hakuna ujumbe kwa mtu. Kopo linakaa kimya tu.

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza nilijikopesha. Nilisema, "Leo kuna Arsenal, nitatazama kwanza, kazi nitalipa baadaye." Hiyo ni sawa na mbolea ya mkopo: umeshaimwaga shambani, halafu kila ukipokea malipo unaona yamekatwa na unauchukia mwezi wenyewe. Mara mbili tu nikaona athari, nikaacha. Zawadi ikitangulia si zawadi tena, ni deni, na deni ni faini iliyovaa nguo nyingine.

Kosa la pili lilikuwa la kitaalamu. Nilianza kwa kuzawadia mistari ya msimbo: mistari 30, magoli. Mnajua kilichotokea. Programu iliyotakiwa kuwa na mistari mia tatu ikawa inaelekea mia nane, kila kitu kimeandikwa kirefu kama barua ya kuomba kazi. Ukipima mistari utapata mistari. Nikabadilisha, nikawa nazawadia muda wa kukaa. Hata nikikaa dakika 45 nikitazama skrini bila kuandika kitu, nimelipwa. Rafiki yangu wa Manchester United alisema huo ni ufisadi. Lakini jaribu kukaa dakika 45 mbele ya msimbo wako mwenyewe bila kugusa kitu. Haiwezekani. Shida yangu haikuwa kuandika, ilikuwa kukaa kitini, na zawadi ilipaswa kuwekwa pale penye shida.

Kuna wanaosema zawadi huharibu, na hawakosei. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio na watoto wa chekechea huko Stanford, Marekani, ambao tayari walipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kwa kuchora wakaja kuchora kidogo kuliko awali wakati cheti hakipo. Waliopewa cheti bila kuahidiwa, na wasiopewa kitu, hawakupungukiwa. Yaani ukimlipa mtu kwa anachokipenda, anaweza kuanza kukiona kama kibarua. Nililiona kwangu. Nilipofika sehemu ya kuchora grafu za kilo kwa mwezi, sehemu tamu, niliona naangalia saa ili nikatazame magoli, wakati siku zote nimekuwa nikichora grafu mpaka usiku wa manane bila kulipwa na mtu. Nikaondoa zawadi kwenye grafu, nikaiacha kwenye kazi chungu: kupokea ujumbe, kushughulikia makosa, kuandika majaribio. Andazi la Mama pia liko kwenye kuchuma. Hajizawadii kwa kuongea na majirani.

Na kwa wanaodhani zawadi inamsaidia tu yule ambaye angeshinda hata bila hiyo, kuna ushahidi wa hapa hapa Kenya. Mwaka 2001 na 2002 shirika moja lilitoa ufadhili kwa wasichana wa darasa la sita katika shule za Busia na Teso. Asilimia 15 ya juu walilipiwa karo, familia ikapewa shilingi 1,000 za vifaa, na kukawa na sherehe ya kuwatambua mbele ya watu. Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton walichapisha matokeo mwaka 2009. Alama za wasichana zilipanda, hata za wale walioanza chini kiasi kwamba nafasi yao ya kushinda ilikuwa ndogo. Busia hata walimu walihudhuria zaidi. Teso matokeo hayakuwa wazi hivyo, na nafurahi waandishi walilisema hilo. Nililisoma nikakumbuka darasa langu, ambako aliyekuwa chini alikuwa anangoja kiboko tu, na cha kukingoja unakingoja umekaa nyuma, karibu na mlango.

Takwimu za awamu ya pili, kwa kuwa niliwaahidi. Wiki saba za kwanza za zawadi, Aprili na Mei 2024: siku 31 za kazi halisi kati ya 49, kulinganisha na 18 za wakati wa faini. Si miujiza. Nilikosa siku 18, na kuna wiki nilikosa nne mfululizo kwa sababu stima ilipotea. Tofauti niliyoiona ni baada ya kukosa. Wakati wa faini, siku moja ya kukosa ilizaa nyingine, kwa kuwa niliona aibu kurudi. Sasa nikikosa Jumatatu, Jumanne nina hamu ya magoli mara mbili. Na mabadiliko ya saa tatu na dakika hamsini ya kubadilisha herufi? Sifuri. Hakuna wa kumdanganya. Najua pia kwamba mtu mmoja si utafiti, na labda ningepanda tu kama dadu ile.

Programu ilianza kufanya kazi Septemba 2024. Simu kuukuu ya Android imechomekwa ukutani chumbani kwangu, ina betri ya akiba kwa ajili ya stima zetu. Mama anatuma namba, kwa mfano "31", na baada ya sekunde chache anapata jibu: kilo za leo, jumla ya mwezi. Mwanzoni niliweka jibu litoke mara moja tu kwa wiki ili kuokoa gharama ya ujumbe. Mama akaacha kutuma siku ya tatu. Nikabadilisha lijibu papo hapo, akaanza kutuma akiwa bado kwenye foleni ya mizani. Majirani tisa wanaitumia sasa. Daftari bado analiandika, ndani ya nailoni yake, kwa kuwa hakuiamini kompyuta jana na hataiamini leo.

Kopo lilinunua kibodi ya zile zenye kelele, isiyo na faida yoyote juu ya ile niliyokuwa nayo. Nimeipenda kupita kiasi.

Jana mzee mmoja jirani alituma "Ishirini na saba na nusu", kwa maneno, na programu ikamjibu kwamba amepima kilo sifuri. Alikuja mpaka mlangoni na risiti mkononi, amekasirika kweli. Nimemwahidi Ijumaa. Sasa ni saa mbili usiku, Arsenal walicheza jana na sijui matokeo, nimezima simu nisije nikaambiwa na mtu. Dakika 45 zinaanza.